Sindano Ilikula Nini Jana

Garissa

Eedo Sahra,

Koti lako jeupe bado linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara. Binti yako Ifrah amepiga simu kusema kwamba Ijumaa atapita kulichukua akitoka Wajir. Ndiyo sababu naandika leo. Kuna jambo nataka ulijue kabla koti halijaondoka, na kuna mengine ambayo ningekuambia siku ya mazishi kama ningewahi.

Sikuwahi. Nilikuwa nyumbani Mwingi, kwenye siku zangu nne za likizo, mkuu wetu Bwana Mutwiri aliponipigia simu saa moja asubuhi. Nilipiga pasi gauni jeusi. Nikakaa mezani nikaandika maneno ya kukuaga, kurasa mbili, kwa sababu kwetu mtu akifa watu hukusanyika jioni baada ya jioni, wakiimba na kupanga, na siku ya kuzika mwenzake wa kazini huitwa mbele aseme neno. Nilifika Garissa saa tisa alasiri nikiwa na karatasi zangu mkobani, nikakuta wanaume wamesharudi kutoka makaburini tangu adhuhuri. Wanawake walinipisha mkekani. Mmoja akaniwekea kikombe cha chai mkononi. Hakuna aliyeniuliza kama nina neno. Miaka miwili nimefanya kazi na wewe na sikujua hata hilo, kwamba kwenu marehemu hacheleweshwi.

Karatasi zile nilizichana baadaye. Zilikuwa na maneno makubwa mno. Humu nitajaribu kuandika kama tulivyozoea kuongea tukisubiri chupa zipate moto.

Tangu uondoke nimeitwa Eedo mara moja tu. Unakumbuka nilivyochanganyikiwa juma la kwanza? Nilifundishwa na mlinzi kwamba mwanamke wa umri wako nimwite Eedo, yaani shangazi. Nikakuita. Nawe ukanijibu, "Haa, Eedo, sema." Nilidhani unanicheka. Siku nzima nikapanga chupa bila kuinua macho. Jioni ukaniuliza nimekosewa nini, na nilipokuambia ukacheka mpaka ukashika meza. Ukanieleza kwamba kwa Wasomali shangazi humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa yeye, na mama humwita mwanawe mama. "Sasa mimi na wewe tunaitana kwa jina moja," ulisema. "Mtu akiita Eedo hapa ndani, tutaitika sote, na kazi itafanywa na yule asiye na chai mkononi."

Mara nyingi aliyekuwa na chai ulikuwa wewe.

Nimekuwa nikikumbuka pia siku ya losheni. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa mapokezi: kupokea sampuli dirishani, kuziandika kwenye rejista, kuzipa namba, kuziweka kwenye friji. Cheti changu cha kemia kilikuwa kwenye bahasha chini ya godoro, na niliona aibu kukitaja kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Wewe ndiye uliyeniona nikichungulia. Ukaniambia, "Njoo, sogea, haiumi." Ukanionyesha ile sindano.

Nilitarajia sindano ya kunyonya. Ukanicheka tena. Ukasukuma kifimbo chake cha juu, na kutoka kwenye ncha ukachomoza uzi mfupi, mwembamba kama unywele wa farasi, uliopakwa kitu chenye kushika harufu. Ulisema, "Huu ndio ulimi wake." Ukatoboa kifuniko cha mpira cha chupa iliyokuwa ikipata moto kwenye maji vuguvugu, ukauteremsha ulimi ndani, ukauacha hewani, juu ya maji, bila kuyagusa. Nikakuuliza mbona hauyagusi. "Mgeni mwenye adabu hatii mkono chunguni," ulisema. "Anakaa, ananusa, na anajua kilichopikwa." Baada ya nusu saa ukaurudisha ulimi ndani ya ala yake, ukaichomeka sindano kwenye kinywa cha moto cha ile mashine, na joto likaufanya ulimi utapike harufu zote ulizokusanya. Gesi ikazibeba. Dakika chache baadaye kompyuta ikaanza kuchora milima, mmoja mmoja, kila harufu na mlima wake na dakika yake.

Hayo yalikuwa maji ya kisima cha huko Liboi. Na katikati ya ile mistari ukasimama mlima ambao hukuutambua. Ukaukodolea macho. Ukaiuliza kompyuta, ikapendekeza jina, ukalisoma mara mbili, kisha ukageuka polepole na kuninusa shingoni.

"Mwende," ulisema, "umekiogesha kisima cha watu."

Ilikuwa losheni yangu ya ndimu. Nilikuwa nimesimama karibu mno ulipokuwa ukijaza chupa, na hewa yangu ikaingia. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini wewe ulichukua kalamu, ukapiga mstari mmoja tu juu ya yale matokeo, mstari mmoja ulionyooka ili yaliyo chini yake yaendelee kusomeka, ukaandika pembeni: *losheni ya karani*. Ukatia sahihi. Ukaniambia nami nitie. Ukaniambia kwamba wewe mwenyewe hujifukizi uunsi wako, ule ubani wenu wa kufukiza nguo, hadi Alhamisi jioni, kazi zikiisha, kwa sababu ulimi ule hauna siri. Kisha ukasema maneno ambayo sasa nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika juu ya mashine: "Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, iulize sindano ilikula nini jana."

Yaani iunguze kwanza kwenye kinywa cha moto, ikiwa haina kitu. Halafu iendeshe tupu, uone inachora nini. Ikichora mstari ulionyooka, bila kilima, ndipo uipe sampuli ya mtu. Ikichora kitu, bado ina ya jana mdomoni.

Eedo, mimi sikuiuliza.

Acha nikueleze kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha, sampuli kwanza, maoni baadaye.

Ulipoondoka hakuletwa mtu mwingine. Bwana Mutwiri aliniita ofisini, akasema cheti changu amekiona, na kwamba kuanzia sasa nitapokea sampuli na pia nitazipima, mpaka mkataba wangu utakapokwisha na yeye aone. Unamjua, haongezi neno. Nilifurahi na niliogopa kwa kiasi kile kile. Lakini hapo ndipo kitu fulani kiliharibika, na mimi sikukitambua. Kazi yetu ilikuwa imegawanyika vizuri. Mimi nilijua majina na wewe ulijua namba. Hukutaka kamwe kuniuliza chupa ya ishirini na mbili ni ya nani. Siku moja nilitaka kukudokeza, ukaziba masikio kwa vidole vyote viwili kama mtoto. Ulisema, "Hata maziwa ya mama yangu, kwangu ni namba." Sasa majina na namba vyote viko kichwani mwangu, na hakuna anayeziba masikio.

Mwezi uliopita ililetwa sampuli ya maji kutoka kisima kimoja cha pampu, ambako dizeli ilikuwa imevujia ndani. Haikuhitaji mashine, hata mimi niliinusa nikifungua kifuniko. Niliipima asubuhi. Sindano ikiwa bado kinywani mwa mashine, ikitapika, stima ikapotea. Jenereta ilichukua muda. Mashine ikapoa. Iliporudi, shinikizo la gesi lilikuwa chini, na Bwana Mutwiri alikuwa amesema juma lile, "Mwende, gesi tuihurumie. Mtungi mwingine uko njiani, na njia unaijua." Na kwenye friji kulikuwa na chupa mbili za maziwa ya ngamia zilizoletwa na afisa wa soko kutoka mitungi miwili ya muuzaji mmoja, akisubiri majibu kwa haraka, kwa kuwa mwalimu mmoja mgeni kutoka bara alilalamika kwamba maziwa aliyouziwa yananuka mafuta ya taa.

Kuunguza sindano na kuiendesha tupu kungechukua muda usiofika saa moja, na gesi kidogo. Ilinibidi tu nivuke ua, nibishe mlango na kusema: naomba gesi ya kuendesha sindano tupu. Nilisimama hapo na glavu zangu. Niliona jinsi atakavyoinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Nikaogopa ule uso. Nikaitia sindano kwenye maziwa.

Mashine ikachora moshi, kama tulivyozoea kwa maziwa ya huku. Na baada ya moshi ikachora ile safu ya milima iliyopangana kama meno ya kitana, ambayo ulinifundisha kwamba ni dizeli na si kitu kingine. Chupa ya kwanza ilikuwa nayo nyingi, ya pili kidogo. Nikaandika: mtungi wa kwanza umeathirika zaidi. Nikatia sahihi. Bwana Mutwiri akatia yake. Afisa akachukua barua, na siku hiyo hiyo karatasi ikabandikwa ukutani penye wauza maziwa: mwenye mitungi hii asiuze mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Mwenye mitungi ni Mama Deka.

Ndiyo, yule yule. Yule aliyekuwa akikuletea nusu lita kila asubuhi, akisimama dirishani kwangu na kuuliza, "Dagtari ameamka?" ilhali anakuona. Maziwa yake ndiyo niliyoyanywa kwa mara ya kwanza, nikakuambia kwa hofu, "Eedo, chai imeungua." Nawe ukasema, "Haijaungua, imefukizwa." Ukanieleza kijinga cha mti kinavyochochewa ndani ya chombo mpaka moshi ukishike kila pembe, ndipo maziwa yakae siku zaidi bila kuharibika. Bibi yangu alifanya vivyo hivyo na vibuyu vyake, nami nilikuwa nimesahau mpaka kikombe kile kiliponikumbusha.

Alikuja siku ya pili. Hakuja kupiga kelele. Aliegemea dirisha akaweka viwiko vyake kwenye rejista, akaongea kwa ile p yake ambayo mara nyingi hugeuka b.

"Mwende, wewe ndiyo uko na kitabu. Niambie tu, hiyo mafuta ilitoka wabi? Kwangu nabika na kuni. Taa ni ya jua. Gari sina. Maziwa inatoka boma inakuja na bunda mbaka soko. Sasa bunda yangu inakunywa diseli?"

Nilisema mama, mashine ndiyo iliyosema.

"Basi niitie hiyo mashine tuongee."

Wanawake wawili aliokuja nao walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sahra angekuwa hapa angeniambia." Akaenda zake. Nilijiambia kwamba angalau nimefanya kama wewe, sijayumba kwa sababu ya jina. Nilijisifu, Eedo. Ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilijiona nina msimamo.

Siku tano baadaye nilipima maji ya tanki la shule moja ya hapa mjini. Kati ya maziwa na tanki sikuwa nimepima kitu kingine. Siku hizo zote mtungi mpya wa gesi ulikuwa njiani. Ulifika asubuhi ile ya tanki, nami nikaitumia sindano moja kwa moja kama ilivyolala. Maji yalikuwa safi, yamechotwa na mimi mwenyewe kwenye bomba la tanki kwa chupa yetu ya kioo. Nikakaa nikitazama mstari ukinyooka. Ukanyooka, ukanyooka, halafu kwenye dakika ninayoijua ukainuka kilima kidogo. Kisha kingine kando yake.

Moshi.

Nilivitazama mpaka macho yakauma. Maji ya bomba hayafukizwi. Hakuna mwanamke yeyote, kutoka Ijara hadi Banissa, anayechochea kijinga ndani ya tanki la shule. Moshi huo ulitoka kwenye maziwa, na kama ulimi ulikuwa umeubeba moshi kutoka kwenye maziwa hadi kwenye maji, basi ulikuwa umebeba na dizeli kutoka kisimani hadi kwenye maziwa. Nikafungua yale matokeo ya mwanzo. Chupa ya kwanza nyingi, ya pili kidogo. Nikayakuza ya tanki: dizeli imo, lakini kwa mbali, kama nyayo zinazofutika. Haikuwa mitungi. Ilikuwa sindano yangu ikijisafisha kidogo kidogo kwenye maziwa ya Mama Deka.

 

Nataka nikuambie ukweli wa nilichofikiri, maana kwako hakuna faida ya kujipamba. Kwanza nilifikiri: hakuna anayejua. Mashine ni yangu, rejista ni yangu, na dakika za moshi katika nchi hii nzima anayezijua kwa kichwa amezikwa. Pili nilifikiria mkataba. Tatu, na hili lilivaa nguo ya uadilifu, nikafikiri: nikipima upya, watu watasema karani amembeba Mama Deka kwa kuwa alikuwa akinywa maziwa yake. Nitaonekana nimeyumba. Heri ninyamaze, nionekane nimenyooka.

Kisha nikakumbuka ulivyosema siku ile nilipokuambia kwamba naogopa kila kitu, kuanzia simu hadi mlango unaobishwa. Hukuniambia niache. Ulisema mtu asiye na woga usimpe maabara. Ulisema, "Lakini ogopa kabla ya kutia sindano, Eedo. Ukishaandika, usiogope tena." Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Pale penye kuogopa nilijipa moyo, na pale penye ujasiri nilikuwa natetemeka.

Basi nikafanya jambo moja kabla sijabadili nia. Nilichukua kalamu ya wino. Nikafungua ukurasa wa maziwa. Nikapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya matokeo yangu, yakabaki yanasomeka. Nikaandika pembeni: *sindano haikuunguzwa wala kuendeshwa tupu, dizeli ni ya sampuli iliyotangulia, kosa la mpimaji.* Nikatia sahihi na jina langu lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ndipo nikavuka ua nikiwa nimekumbatia rejista.

Bwana Mutwiri alisoma bila kuketi. Akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

Sikujua anauliza kwa nia gani, na sijui hadi leo. Nikamjibu, "Rejista inajua, bwana."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Ni kweli. Hiyo ni kalamu ya wino." Akaketi.

Nikamwomba kitu kimoja. Nilimwomba yeye mwenyewe aende akachukue maziwa mapya kwenye mitungi ya Mama Deka, na mengine kwa muuzaji mwingine yeyote, na chupa mbili za maji; azipe namba yeye, karatasi ya majina aifungie kwenye mtoto wa meza yake, na mimi nisiambiwe chochote. Sikuwa na wewe wa kuziba masikio, kwa hiyo niliomba nizibwe yangu. Na nikaomba gesi ya kuendesha sindano tupu kabla ya kila chupa. Kila moja, si ya asubuhi pekee.

Alisema, "Ndivyo alivyokuwa akifanya Sahra?"

Nikasema, "Yeye alifanya zaidi."

Ilichukua siku mbili. Kila mara niliiunguza sindano, nikaiendesha tupu, nikangoja mstari unyooke, ndipo nikaitia. Chupa tatu zilikuwa na moshi. Mbili hazikuwa na kitu. Dizeli haikuwemo hata kwenye moja. Bwana Mutwiri alifungua mtoto wa meza akalinganisha. Akaweka kidole chake kinene juu ya kile kilima. "Na hiki ni nini?" Nikamweleza kijinga na mtungi. Akasema mama yake huko Meru hadi leo hawezi kutia maziwa kwenye kibuyu kisichonusa moshi. "Mwalimu yule mgeni anatoka wapi, asiyejua harufu hii?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu ufe nilimwona akitabasamu.

Akaandika barua ya kufuta ile ya kwanza. Akaikunja. Akanipa mimi. Akasema, "Peleka wewe."

Hapo, Eedo, ndipo nilipoogopa kweli. Kutoka maabara hadi soko la maziwa ni mwendo wa dakika kumi na mbili, nami niliutembea kwa nusu saa. Mama Deka alikuwa ameketi kando ya shoga zake, mitungi yake imelazwa mitupu nyuma yake. Nilisimama mbele yao nikasoma barua yote, pamoja na mahali panaposema kosa la mpimaji. Nikaongeza kwa mdomo wangu: mpimaji ni mimi. Niliomba msamaha.

Mama Deka aliitazama barua. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kisomali, maneno mengi, akiiga sindano kwa kidole chake cha shahada, na wote wakaangua kicheko, hata bibi mmoja asiye na meno kabisa. Yule bibi akatupa neno, nikamwuliza Mama Deka amesema nini.

"Huyu mzee anasema, ambia sindano yako ibige mswaki kwanza, kabla haijaonja maziwa ya watu."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Lakini yeye kicheko kilimwisha mapema. Akasema, "Siku tisa, Mwende. Wengine wamehama, wananunua kwa wengine, hawatarudi." Akanyoosha mkono akanionyesha ukuta, ile karatasi ya kwanza, pembe zake zimekunjamana kwa jua. "Hiyo ilibandikwa hapo, kila mtu akasoma. Hii yako usinibatie mkononi. Haya, Eedo, bandika."

Niliibandika juu ya ile ya zamani, lakini kwa upande kidogo, ili ile ya chini iendelee kusomeka.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi na Bwana Mutwiri hajasema lolote. Naogopa, lakini nalala. Mama Deka hajaanza kuleta nusu lita dirishani, nami sitarajii, juzi tu alipita akauliza, "Imebiga mswaki leo?" Nikamjibu ndiyo. Akaenda.

Sindano mpya imefika. Ile yako ya zamani, ulimi wake umeanza kuchakaa, na imeamriwa iondolewe kazini. Nilimwuliza Bwana Mutwiri kama naweza kuitumia mara moja ya mwisho, na kwa nini. Alitazama koti mlangoni. Akasema gesi ipo.

Niliiunguza. Niliiendesha tupu mpaka mstari ukanyooka. Kisha nikaikunja ncha ya kola ya koti lako, bila kuikata, nikaiingiza ndani ya mdomo wa chupa kubwa, nikauteremsha ulimi kwa adabu, bila kugusa. Nilikaa nusu saa kwenye kiti chako. Mashine ilichora moshi wa maziwa, kwa mbali. Ikachora uunsi wako wa Alhamisi, milima mingi mizuri. Na mbele zaidi, peke yake, ikachora mlima mmoja ambao sijawahi kuuona kwenye sampuli yoyote. Kompyuta ilikuwa tayari kunipa jina lake. Sikuiuliza; nilijua ni wako.

Karatasi hiyo nimeiweka kwenye mfuko wa koti. Ifrah ataikuta, na ataniuliza ni nini, na nitamweleza taratibu.

Pumzika, Eedo. Mungu wako, ambaye nadhani ndiye wangu, akuweke mahali penye kivuli na maji safi. Nikibaki hapa au nikipelekwa kwingine, nakuahidi kwamba kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, nitaiuliza sindano ilikula nini jana. Na kama kuiuliza kutanilazimu kubisha mlango, nitabisha.

Kwenye rejista nimeliandika koti lako kwa namba tu, kama ulivyopenda. Jina ninalo mimi.

Eedo wako,
Mwende